Unajimu wa Kihindi na Unajimu wa Kizungu: Ulinganisho wa Asili na Istilahi Zake

Katika mambo yanayomshangaza mtu anayeanza kusoma habari za unajimu, la kwanza ni hili: mtu mmoja aweza kuwa na nyota mbili. Aliyezaliwa tarehe 1 Aprili, akimwendea mnajimu wa London, ataambiwa kwamba jua lilikuwa katika buruji ya Hamali, yaani Kondoo. Akimwendea mnajimu wa Ujjain au Varanasi, ataambiwa kwamba jua lilikuwa katika Mina, yaani Samaki, buruji ambayo wanajimu wa pwani yetu huiita Hutu. Mbingu ni ile ile, na saa ya kuzaliwa ni ile ile. Lakini hukumu zatofautiana. Wengi hudhani kwamba sababu ni kuwa elimu hizi mbili ni za mataifa mawili yasiyojuana, moja ikatoka katika Veda za Wahindi na ya pili ikatoka kwa Wayunani. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba dhana hiyo haisimami. Historia yaikana, na lugha yaikana zaidi.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuyatenge maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kupima mwendo wa jua, mwezi na sayari ni elimu ya falaki. Kutabiri mambo ya wanadamu kwa kuutazama mwendo huo ni unajimu. Wazee wa kale hawakuzitenganisha, na Wahindi huziweka zote mbili chini ya neno moja, Jyotisha, litokanalo na jyotis, maana yake nuru. Sisi twazungumza hapa juu ya unajimu, lakini hatutaweza kuueleza pasipo kugusa falaki.

Jina la Veda

Jyotisha imehesabiwa tangu zamani kuwa mojawapo ya elimu sita zinazoitwa Vedanga, yaani viungo vya Veda. Kazi yake ya asili ilikuwa kuwaonyesha makuhani wakati sahihi wa kutoa sadaka. Kitabu kikongwe cha elimu hiyo kilichobaki ni Vedanga Jyotisha, ambacho husemekana ni cha Lagadha. Ndani yake twakuta hesabu za jua na mwezi, miezi na misimu, na vile vituo vya mwezi viitwavyo nakshatra. Hatukuti buruji 12. Hatukuti hukumu za sayari juu ya mtoto aliyezaliwa. Wala hatukuti zile nyumba 12 ambazo mnajimu wa leo, awe Mhindi au Mzungu, huzigawa ili aseme hii ni ya mali, hii ni ya ndoa na hii ni ya mauti.

Kilicho cha Wahindi wenyewe bila shaka ni hizo nakshatra. Mwezi huzunguka mbingu kwa muda wa siku 27 na theluthi hivi, kwa hiyo njia yake ikagawanywa vituo 27, na katika orodha nyingine 28, kila kimoja kikiwa na nyota zake. Orodha za kale katika vitabu vya Veda huanza na Krittika, na nyota hizo si ngeni kwetu: ndizo Kilimia, ambazo wakulima wetu walizitazama ili wajue majira ya kulima. Kwa hiyo jina la "unajimu wa Veda", ambalo limeenea sana Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1980, ni jina la kutukuza kuliko la kueleza. Mizizi yake mmoja ni wa Veda. Shina lilipandikizwa baadaye.

Safari kutoka Babeli

Buruji 12, kila moja ya digrii 30, zilipangwa na Wababeli katika karne ya 5 K.K. Hati kongwe zinazoeleza hali ya mbingu wakati wa kuzaliwa mtoto ni za Babeli, nazo ni za mwaka 410 K.K. Baada ya Iskandari wa Makedonia kuziteka nchi hizo, elimu ya Babeli iliingia Misri, na huko Wayunani wakaitia mpango mpya. Waliipa cheo kikuu buruji inayochomoza upande wa mashariki saa ya kuzaliwa, wakaiita horoskopos, yaani mtazama saa, na kutoka hapo wakazihesabu nyumba 12. Huo ndio unajimu ulioandikwa na Ptolemy wa Alexandria katika karne ya 2 B.K., katika kitabu chake Tetrabiblos, ambacho Wazungu walikifuata kwa miaka zaidi ya elfu.

Unajimu huo huo ulivuka bahari kwenda Bara Hindi katika karne za mwanzo B.K., wakati merikebu za Misri ya Kirumi zilipokuwa zikiifuata pepo ya kusi mpaka bandari za magharibi za Bara Hindi. Kimebaki kitabu cha Kisanskriti kinachokiri asili yake kwa jina lake: Yavanajataka, maana yake elimu ya kuzaliwa ya Wayavana. Wayavana ni Wayunani, na neno lenyewe ni Ionia lililogeuzwa, kama vile Waarabu walivyosema Yunan nasi tukasema Uyunani. Bwana David Pingree alikichapa kitabu hicho mwaka 1978 kwa kufuata hati ya Nepal. Tarehe aliyokipa, yaani mwaka 269 au 270 B.K., imebishiwa na wataalamu wa karibuni, lakini asili yake ya Kiyunani haikubishiwa. Varahamihira naye, mwanachuoni mkubwa wa Ujjain katika karne ya 6, alisema waziwazi kwamba Wayavana, ingawa ni watu wa nje wasio na dini ya Kihindi, waliheshimiwa kama wahenga kwa sababu ya ujuzi wao katika elimu hii.

Ushahidi wa maneno

Mwanahistoria akikosa hati, maneno humsaidia. Kwani mtu aweza kuficha alipokipata kitu, lakini jina la kitu hicho litamsema. Tutazame istilahi za unajimu katika Kisanskriti. Nyumba nne kuu za mbingu huitwa kendra. Wayunani waliziita kentron. Zinazofuata huitwa panaphara. Kwa Kiyunani, epanaphora. Nyumba zinazoshuka ni apoklima katika lugha zote mbili. Theluthi ya buruji huitwa drekkana, kwa Kiyunani dekanos. Nyumba ya saba, inayoikabili ya kwanza, huitwa jamitra, nayo ni diametros. Hata majina ya buruji yenyewe yapo kwa sura ya Kiyunani: Kriya ni Krios, Tavuri ni Tauros, Leya ni Leon, Pathona ni Parthenos. Baadaye majina hayo yaliachwa, yakatumika ya Kisanskriti yenye maana zile zile: Mesha kondoo, Vrishabha fahali, Simha simba, Kanya mwanamwali.

Hapa yafaa onyo dogo. Simha ya Kisanskriti na simba ya Kiswahili yafanana sana, na nimeona watu wakijenga hoja juu ya mfano huo. Ni bahati tu. Neno simba lina ndugu zake katika lugha za Kibantu za bara, mbali na bahari na mbali na wafanya biashara wa Kihindi. Mfanano wa neno moja si ushahidi. Ushahidi ni maneno mengi ya kazi moja yaliyokuja pamoja, kama tulivyoyaona hapo juu.

Neno lenye mafunzo zaidi ni hora. Kwa Wahindi hora ni nusu ya buruji, na pia ni saa moja, na tena ni jina la elimu yote ya kuagua kwa kuzaliwa. Kwa Kiyunani hora ni saa. Lakini Varahamihira ataja rai ya watu waliosema kwamba neno hilo latokana na ahoratra, yaani mchana na usiku, baada ya kukatwa silabi ya mwanzo na ya mwisho. Rai hiyo ni ya werevu, nayo yatuonyesha jinsi neno la kigeni linavyopewa nasaba mpya nyumbani. Mgeni akikaa sana hutafutiwa ukoo. Kendra nalo limekuwa mwenyeji kabisa. Leo katika Kihindi serikali kuu ya Delhi huitwa Kendra Sarkar, na neno la pili msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja, kwani sarkar la Kiajemi ndilo lililotupa serikali.

Ushahidi mwingine ni siku za juma. Kwa Wahindi Ravivara ni siku ya Jua, Somavara ya Mwezi, Mangalavara ya Mirihi, Budhavara ya Utaridi, Guruvara ya Mushtari, Shukravara ya Zuhura, Shanivara ya Zohali. Mpango huo ndio wa Warumi. Nao haukutokana na umbali wa sayari moja kwa moja, bali na kanuni ya kuipa kila saa sayari yake kwa mfuatano wa Zohali, Mushtari, Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi na Mwezi. Saa 24 zikiisha, saa ya kwanza ya kesho huangukia sayari ya nne kuanzia ile ya leo; ndiyo sababu siku ya Zohali hufuatwa na ya Jua, na ya Jua hufuatwa na ya Mwezi. Haiyumkiniki mataifa mawili kuzua kanuni ya namna hiyo kila moja peke yake na kuzitaja siku kwa mfuatano mmoja. Kiswahili hakikuichukua, sisi twahesabu siku kuanzia Jumamosi, na sayari hazimo.

Mbingu ziliachana lini

Kama asili ni moja, mbona aliyezaliwa 1 Aprili ni Kondoo huku na Samaki kule? Jibu lake ni la falaki. Mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia inayokaribia kulala. Kwa sababu hiyo ile nukta ya mbinguni ambapo jua huwapo mchana na usiku vinapolingana mwezi wa Machi husogea mbele ya nyota, kiasi cha digrii moja kwa miaka 72 hivi, ikamaliza mzunguko wake kwa miaka ipatayo 26,000. Aliyeligundua jambo hilo ni Hipparchus, Myunani wa karne ya 2 K.K. Alipima mahali pa nyota moja angavu, akalinganisha na vipimo vya Timocharis aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 100, akaona imesogea digrii 2 hivi.

Nyota hiyo Warumi waliiita Spica, maana yake suke la nafaka, kwa kuwa mwanamwali wa buruji alichorwa ameshika suke mkononi. Waarabu wakaiita buruji nzima Sunbula, suke, na wanajimu wetu wakasema Sumbula. Wahindi huiita nyota hiyo Chitra. Tutaikuta tena.

Ptolemy aliamua kwamba Hamali ianze daima katika nukta ya Machi, iwe nyota ziko wapi. Kwake buruji ni majira. Wahindi walizifunga buruji zao kwenye nyota zenyewe, kama walivyofanya Wababeli. Kwa hiyo katika jambo hili Mhindi ndiye aliyehifadhi desturi ya kale, na Mzungu ndiye aliyefuata mageuzi. Wakati unajimu ulipokuwa ukihamia Bara Hindi, hesabu mbili hizo zilikuwa karibu sawa, na tofauti haikuonekana. Varahamihira alikwisha kuona kwamba mageuko ya jua ya wakati wake hayakuwa tena mahali yalipotajwa na vitabu vya kale, lakini wafuasi hawakuzifungua buruji kutoka katika nyota zake.

Leo tofauti ni digrii 24 hivi, yaani siku 24 za mwendo wa jua. Wahindi huiita ayanamsha. Walikuwa na vipimo vingi vyake, mpaka kamati iliyowekwa na serikali ya Bara Hindi mwaka 1952, chini ya uenyekiti wa Meghnad Saha, mwanafizikia, ilipotaka kupatanisha kalenda za nchi hiyo. Katibu wake alikuwa N. C. Lahiri, na kipimo kilichoenea kwa jina lake chaweka nyota ya Chitra katika digrii 180. Basi nyota iliyomfunulia Hipparchus kusogea kwa mbingu ndiyo ambayo Wahindi wameifanya kigingi cha kuzuia kusogea huko. Kwa kipimo hicho hesabu mbili zilikuwa sawasawa mwaka 285 B.K. Alama yake yaonekana hata kwa asiye mnajimu: sikukuu ya Makara Sankranti, jua kuingia Makara, huadhimishwa tarehe 14 au 15 Januari, ambapo kwa Mzungu jua huingia buruji hiyo mwishoni mwa Desemba, siku ya mageuko yenyewe.

Njia za kuhukumu

Baada ya kuachana, kila tawi lilizaa matunda yake. Unajimu wa Kizungu wa leo hulitukuza jua. Magazeti yamezidisha jambo hilo tangu Agosti 1930, R. H. Naylor alipoandika katika Sunday Express ya London juu ya nyota ya Binti Mfalme Margaret aliyekuwa amezaliwa mwezi huo. Mhindi huanza na mwezi, nakshatra yake, na buruji inayochomoza. Mzungu hupima pembe za digrii 60, 90, 120 na 180 baina ya sayari. Mhindi hutazama nyumba kwa nyumba. Kila sayari kwake huitazama nyumba ya saba, na zaidi ya hiyo Mirihi huitazama ya nne na ya nane, Mushtari ya tano na ya tisa, Zohali ya tatu na ya kumi.

Mhindi ana sayari 9: saba za kale, na mbili zisizoonekana, Rahu na Ketu, ambazo ni nukta mbili ambapo njia ya mwezi hukatana na njia ya jua, na ambapo kupatwa hutokea. Mzungu ameongeza zilizogunduliwa kwa darubini: Uranus mwaka 1781, Neptune mwaka 1846 na Pluto mwaka 1930, ingawa wanafalaki waliishusha Pluto kuwa sayari kibete mwaka 2006. Jambo jingine la Mhindi ni dasha, zamu za sayari katika umri wa mtu. Zamu mashuhuri ni za miaka 120: Ketu 7, Zuhura 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mushtari 16, Zohali 19 na Utaridi 17. Mahali pa kuanzia huamuliwa na nakshatra ya mwezi wakati wa kuzaliwa. Hapa ndipo mzizi wa Veda ulipoushika mti wa Kiyunani, na tunda lililotoka si la mmoja wao.

Kurudi kupitia kwa Waarabu

Isidhaniwe kwamba baada ya hapo mawasiliano yalikatika. Baghdad ilipoanzishwa mwaka 762 saa ya kuweka msingi ilichaguliwa na wanajimu, mmoja wao Nawbakht Mwajemi, na mwingine Mashallah Myahudi wa Basra. Katika zama hizo za Khalifa al-Mansur kitabu cha falaki cha Kihindi kilifasiriwa kwa Kiarabu. Al-Biruni, aliyeandika juu ya Bara Hindi kiasi cha mwaka 1030, alizijua njia zote mbili. Kutoka kwa Waarabu Ulaya ilipata tena elimu iliyokuwa imeisahau. Tetrabiblos ilifasiriwa kwa Kilatini mwaka 1138. Wahindi nao walipokea kutoka kwa Waarabu na Waajemi tawi zima liitwalo Tajika, ambalo Nilakantha aliliandikia kitabu mwaka 1587. Humo twakuta Kisanskriti kikisema itthashala kwa ittisal, na sahama kwa sahm.

Pwani yetu iliokota katika mkondo huo huo. Hamali, Jauza, Saratani, Asadi, Mizani, Akarabu, Kausi na Dalu ni Kiarabu, lakini picha zake ni za Babeli na Uyunani. Hata hivyo wanajimu wetu walitumia zaidi njia ya tatu, ambayo haihitaji mbingu: jina la mtu na la mama yake hugeuzwa tarakimu kwa hesabu ya abjadi, jumla ikagawanywa kwa 12, na kinachobaki kikaitwa nyota yake. Kwa hiyo mtu wetu wa tarehe 1 Aprili aweza kupata nyota ya tatu, mbali na zile mbili.

Uzito wa jambo hili

Mtu aweza kuuliza, yote haya yana faida gani? Yana faida, kwa sababu hukumu za unajimu si mchezo kwa wanaohukumiwa. Katika jamaa nyingi za Kihindu, hata zilizohamia Afrika Mashariki, nyota za mchumba na mchumba hulinganishwa kwa alama 36, na zikipungua 18 posa yaweza kuvunjwa. Binti ambaye Mirihi yake imo katika nyumba mbaya aweza kukaa bila kuolewa kwa kosa la sayari. Wenye kushikilia hukumu hizo husema kwamba haziwezi kuguswa kwa sababu ni za Veda. Tumeona kwamba nyumba hizo 12 zilikuja na Wayavana. Anayetaka kuzifuata na azifuate, lakini asimnyamazishe binti kwa jina la Veda.

Wala Mzungu asicheke. Husema kwamba buruji zake ni za majira, si za nyota, na kwa hiyo kusogea kwa mbingu hakumdhuru. Ptolemy kweli alianza na Hamali kwa kuwa ni mwanzo wa majira ya kuchipua, yenye unyevu kama utoto. Lakini hayo ni majira ya kaskazini. Machi huku kwetu ni mlango wa masika, na kusini zaidi ni mwanzo wa kupukutika kwa majani. Kama tabia ya Kondoo yatoka katika majira, mtoto wa Cape Town angepaswa kuwa Mizani.

Wataalamu wamejaribu pande zote mbili. Shawn Carlson, katika jarida la Nature mwaka 1985, alionyesha kwamba wanajimu wa Kizungu waliopewa hesabu ya kuzaliwa na taarifa tatu za tabia za watu hawakuichagua iliyo sahihi zaidi ya theluthi moja, kiasi ambacho bahati ingewapa. Jayant Narlikar na wenzake wa Pune walichapisha mwaka 2009 jaribio la wanajimu 27 wa Kihindi, kila mmoja akipewa hesabu 40 za kuzaliwa, atenge watoto wenye akili nyingi na wenye upungufu wa akili. Walipatia asilimia 46. Sarafu ingepata 50.

Kwa hiyo, atakayeuliza ni nyota ipi ya kweli, ya London au ya Ujjain, ajibiwe kwamba swali limekosewa. Hizo ni hesabu mbili za ukoo mmoja, zilizokuwa karibu sana katika karne ya 3 na kuachana kwa digrii moja kila miaka 72. Kama kuaguzi kumeshindwa, haikosi elimu hii imetuachia urithi mwingine: orodha ya maneno yanayoonyesha jinsi Babeli, Alexandria, Ujjain, Baghdad na pwani yetu zilivyofundishana. Urithi huo waweza kupimwa, na kazi ya kukusanya istilahi za wanajimu wa pwani, kabla ya wazee wanaozijua hawajatutoka, yawangojea wanafunzi wa lugha.